Nta ya Gari: Namna ya Kuichagua na Kuipaka

Somo hili lamhusu kila mwenye gari, awe mwenye teksi mjini Singida au mwenye gari la familia Iramba, Manyoni au Mkalama. Mkoa wetu una kiangazi kirefu, jua kali, upepo wa nguvu na vumbi jingi, na yote hayo hushambulia rangi ya gari. Aidha, magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, hivyo rangi yake imekwisha kuwa na umri. Mnunuzi anayetafuta mng'ao huuziwa makopo ya kila namna. Baadhi huilinda rangi, mengine huila. Shabaha ya somo hili ni kumwezesha mtumiaji kuyatofautisha kabla ya kulipa.

1. Kazi ya nta

Rangi ya gari la kisasa kwa kawaida hupakwa kwa matabaka. Chini kabisa ni rangi ya msingi inayoshika bati, kisha rangi yenyewe, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao wa gari hutoka katika klia hiyo, nayo ni nyembamba kuliko karatasi moja ya daftari.

Nta hulala juu ya klia na kuwa ngao. Maji, tope, utomvu wa miti na kinyesi cha ndege hukutana na nta kwanza, na uchafu huo huondoka kwa urahisi gari linapooshwa. Hata hivyo, nta ni kinga wala si tiba. Pale ambapo klia imebabuka au imegeuka kuwa nyeupe kama iliyomwagiwa chokaa, hakuna nta itakayoirudisha. Atakayekuahidi hivyo anakupotosha. Kasoro hiyo ni kazi ya fundi wa rangi.

2. Tambua kilichomo koponi

Dukani bidhaa za aina mbili huitwa kwa jina moja, "polishi", ilhali kazi zake hupingana.

Ya kwanza ni nta halisi. Huenda ikawa nta asilia, hasa karnauba itokanayo na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, au nta ya kutengenezwa viwandani. Karnauba hupendwa kwa mng'ao wake, lakini kwa kawaida hudumu kwa majuma kadhaa hadi miezi miwili au mitatu. Ile ya viwandani aghalabu hudumu zaidi.

Ya pili ni polishi yenye chembe za kusugua. Hii huondoa mikwaruzo kwa kukwangua sehemu ndogo ya klia. Ina manufaa ikitumiwa mara chache na kwa uangalifu, lakini anayeisugua kila juma hupunguza klia kila juma, na klia iliyokwisha hairudi ila kwa kupaka rangi upya. Lebo nyingi huandikwa Kiingereza: neno "wax" huashiria nta, na neno "compound" huashiria chembe za kusugua. Neno "polish" hutumika kwa zote mbili, kwa hiyo soma maelezo ya matumizi au mwombe muuzaji akusomee.

Ikiwa gari huoshwa na kupigwa polishi na vijana wa kuoshea magari, una haki ya kuuliza wanatumia kopo gani na kuliona.

3. Je, nta ya nyuki ya kwetu yafaa?

Swali hili ni la haki katika mkoa unaorina asali, hasa Manyoni na Itigi. Nta ya nyuki hutumika viwandani kama kiungo kimojawapo cha nta za gari. Lakini ikiwa peke yake haifai. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, ilhali karnauba hustahimili hadi nyuzi 80 na zaidi. Boneti la gari jeusi lililoachwa juani mchana kutwa laweza kukaribia kiwango hicho cha kwanza. Nta hulainika, hunata, na vumbi huganda juu yake. Usijaribu kuiyeyusha jikoni pamoja na mafuta ya taa, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Vivyo hivyo, dizeli inayopakwa ili gari ling'ae hukusanya vumbi tu.

4. Kabla ya kulipa

Hakikisha kopo limefungwa kiwandani na lina jina la mtengenezaji, uzito au ujazo, maelekezo na tahadhari. Epuka nta iliyomiminwa katika chupa za maji ya kunywa: hujui ni nini, na mtoto aweza kuinywa.

Linganisha bei kwa gramu. Tuchukulie kopo la gramu 200 lauzwa shilingi 20,000, na la gramu 500 shilingi 40,000. La kwanza ni shilingi 100 kwa gramu, la pili shilingi 80. Lakini mwenye gari moja dogo huenda asimalize kopo kubwa kabla halijakauka. Kwake kopo dogo ndilo nafuu.

Dai risiti ya kielektroniki na uitunze.

5. Hatua za kupaka

Kwanza, mwaga maji mengi kuondoa vumbi kabla ya kugusa bodi kwa kitambaa. Vumbi kavu likisuguliwa hukwaruza kama msasa. Osha kwa sabuni ya magari, ukitumia ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga huondoa nta iliyopo. Usitumie maji ya ziwa Singidani au Kindai, kwa kuwa yana chumvi. Hata maji ya kisima huacha madoa yakikaukia juani; yafute mapema.

Pili, egesha kivulini, mahali pasipo upepo, na subiri hadi bati liwe la baridi mkononi.

Tatu, jaribu nta mahali padogo pasipoonekana sana.

Nne, paka tabaka jembamba kwa sponji laini, sehemu moja moja: boneti, kisha mlango, kisha mwingine. Tabaka nene halilindi zaidi. Ni hasara ya nta. Usiguse kioo wala plastiki nyeusi.

Tano, ngoja muda ulioandikwa koponi. Pitisha kidole: kikiacha njia safi, nta imekauka. Futa kwa kitambaa laini kisafi, ukikigeuza mara kwa mara. Kitambaa kikianguka chini, chukua kingine.

Kurudia, usifuate kalenda pekee. Nyunyiza maji: yakijikusanya kuwa matone, nta ingalipo, yakitandaa, imekwisha. Gari lililopakwa rangi upya lisipakwe nta hadi fundi athibitishe kuwa rangi imekomaa, jambo linaloweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi.

6. Ukipotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Anza kwa muuzaji, ukiwa na kopo na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, hasa ukishuku bidhaa ni bandia. Kuhusu ubora, liarifu Shirika la Viwango Tanzania. Kuhusu uzito uliopungua, Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini polishi yenye chembe haifai kutumiwa kila juma?
2. Utajuaje kwamba nta ingalipo juu ya rangi?
3. Ni kasoro gani ya rangi ambayo nta haiwezi kuiponya?
4. Kopo ulilo nalo nyumbani ni la aina gani? Lisome leo, kabla ya kulitumia tena.