Huzuni si Upungufu wa Imani



Ndugu Muislamu, mara ngapi umeingia kwenye kilio, ukakuta baba aliyepoteza mtoto amekaa kwenye mkeka, macho mekundu, na kila anayempa mkono anamwambia: «Jikaze, wewe ni mwanaume»? Naye anajikaza. Anawajibu wote: «Alhamdulillahi, tuko tu.» Siku ya arobaini inapita. Halafu anaanza kumgombeza mke kwa sababu ya chumvi, kumpiga mtoto kwa sababu ya ndoo ya maji iliyomwagika, na mwenyewe hajui ni kitu gani kimemuingia.

Tusome kisa cha Nabii Yaakub (amani iwe juu yake) katika Sura Yusuf, sura ya 12. Wanawe walipomletea kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, alishika subira njema. Hapo sote tunapajua, na ndipo tunapomsomea mfiwa. Lakini endelea mpaka aya ya 84. Miaka imepita, mtoto mwingine amezuiwa Misri, na huyo huyo mzee wa subira anageuka pembeni, anamlilia Yusuf kwa jina, na macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka afe. Katika aya ya 86 akawajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Angalia vizuri: hakukana kwamba ana huzuni. Alijua inatoka wapi, na alijua pa kuipeleka.

Na Mtume wetu (s.a.w.) je? Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Mariya, alifariki Madina katika mwaka wa 10 wa Hijra, hajatimiza hata miaka 2. Mtume alimshika mtoto, na machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf alishangaa, naye Mtume akamweleza kuwa hiyo ni rehema. Alichokataza ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na kupiga kelele za kijahiliya.

Siku ile ile jua lilipatwa (wataalamu wa nyota wamehesabu kwamba ilikuwa tarehe 27 Januari 632). Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Fikiri, ndugu: baba mwenye uchungu anaambiwa kwamba hata mbingu inamlilia mwanawe. Nani kati yetu angekataa maneno matamu namna hiyo? Yeye aliyakataa. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, akawasalisha sala ya kupatwa kwa jua. Alikuwa na machozi, lakini faraja ya uongo hakuitaka.

Basi yule baba wa ndoo ya maji afanye nini? Mtume amefundisha kwamba mwenye hasira akiwa amesimama, akae, isipoondoka, alale. Wengi wanadhani hiyo ni kuzuia mkono tu. Mimi naona ina faida nyingine: ukiisha kukaa, unapata nafasi ya kujiuliza. Je, kweli ni maji haya? Au ni yule niliyemzika? Ukipata jibu, usimfiche Mungu. Yeye alilijua kabla yako. Baada ya sala, mwambie kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako.

Na sisi tunaokwenda kwenye kilio? Habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, ilipofika Madina, Mtume aliamuru jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Kwetu mambo yamegeuka: mfiwa ndiye anayezunguka kukopa mchele wa kulisha wageni, na wageni wakiisha kutawanyika anabaki na deni juu ya msiba. Ndugu, peleka sufuria ya bugali na sombe kutoka kwako. Kaa karibu naye, punguza maneno. Na akianza kumtaja marehemu wake kwa jina, usimgeuzie mazungumzo. Mwache amtaje.