Ofisi za Ajira na Kazi ya Kutunza Wazee: Kikundi Kijue Nini Kabla ya Kuchanga?



Katika ziara zetu vijijini tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Binti yetu amepata ajenti wa kumpeleka Uingereza kutunza wazee. Je, kikundi kimkopeshe?" Kikundi kimoja cha akina mama hakikungoja jibu. Walitoa shilingi 280,000, pesa za miaka mitatu, wakampa kijana aliyefungua ofisi mjini. Baada ya wiki sita ofisi ilikuwa na kufuli. Binti yuko nyumbani, na akina mama wawili hawasalimiani mpaka leo, hata kanisani. Ndiyo maana tumelifanya jambo hili kuwa somo.

1. Kwa nini nyumba za wazee hukosa wafanyakazi?

Uingereza wazee wengi hutunzwa katika nyumba maalum, au mhudumu huwaendea kwao. Kazi ni kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwapa dawa kwa saa yake. Ni kazi ya mgongo na ya moyo. Mshahara ni mdogo ukilinganisha na kazi nyingi za huko, na zamu ni usiku, Jumapili na hata Krismasi. Basi wengi huingia na kutoka. Lakini mzee hawezi kuambiwa, "Ngoja, leo hatuna mtu."

2. Ofisi ya ajira hufanya nini?

Tuseme mhudumu wa usiku amepiga simu saa kumi jioni kwamba ni mgonjwa. Msimamizi wa nyumba anapigia ofisi ya ajira. Ofisi hiyo ina orodha ya watu waliokwisha kuchunguzwa: rekodi ya polisi, barua za waajiri wa zamani, mafunzo ya kuinua mtu bila kumwumiza, kibali cha kufanya kazi. Saa mbili usiku mtu amefika. Nyumba hulipa ofisi kwa kila saa. Ofisi hukata sehemu yake na kumlipa mfanyakazi.

Njia ya pili ni kutafuta mfanyakazi wa kudumu. Hapa nyumba hulipa ofisi ada mara moja. Angalieni vizuri: anayelipa ni mwajiri! Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza ofisi kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi.

Lakini dawa hii ina uchungu wake. Mtu wa ofisi hugharimu zaidi, na mzee huamka akaona sura ngeni. Mgeni hajui kwamba huyu hasikii sikio la kushoto, au yule hali mpaka asali kwanza. Kwa hiyo nyumba yenye busara hutumia ofisi kuziba pengo tu, huku ikiwashika watu wake kwa malipo mazuri na ratiba inayojulikana mapema.

3. Mlango ulifunguka, kisha ukafungwa

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba juu ya wafanyakazi wa afya. Februari 2022 Uingereza ikaruhusu watunza wazee kutoka nchi za nje kupata viza ya kazi. Wako Wakenya waliokwenda wakafaulu, wakawajengea wazazi nyumba. Machi 2024 waombaji wapya walikatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 viza hiyo ilifungwa kabisa kwa watunza wazee wapya walioko nje ya Uingereza. Wauguzi waliosajiliwa wana njia yao tofauti. Basi ajenti anayemwambia binti wa kijijini kwamba nafasi za kutunza wazee huko bado ziko tele, ama anadanganya ama hajui kazi yake.

Hata kati ya waliofika, wako walioumia. Waliuziwa vyeti vya udhamini, wakakuta kazi hakuna. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Uingereza ilifuta leseni za waajiri zaidi ya 470 wa kazi hii. Mwajiri akipoteza leseni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 tu apate mwingine au arudi.

Septemba 2024 Kenya ilitia sahihi mkataba wa kazi na Ujerumani. Njia hii huanza darasani: Kijerumani ni lazima, na mafunzo ya uuguzi huko ni miaka mitatu, mwanafunzi akilipwa. Ajenti asiyetaja lugha, mwogopeni.

4. Kabla ya kutoa hata shilingi moja

(a) Ulizeni kama ofisi imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Cheti cha ukutani hakitoshi. Nendeni wawili, mmoja awe mweka hazina.

(b) Mkataba usomwe mbele ya kikundi: jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi, nani analipa nauli.

(c) Msitume pesa kwa simu ya mtu binafsi. Kila malipo yawe na risiti ya ofisi.

(d) Mkimkopesha mwanachama, iandikwe kama mikopo mingine, kwa wadhamini na tarehe ya kurudisha.

5. Na wazee wetu hapa?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa na serikali. Inua Jamii huwapa waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini pesa hazimgeuzi mtu kitandani. Watoto wako Nairobi, na shosho amebaki na mjukuu wa darasa la tatu.

Hapa tunaweza kuiga ofisi ile bila kulipa ada. Andikeni daftari la wazee wasiojiweza, na la watu walio tayari kusaidia. Mwombeni muuguzi wa zahanati awafundishe kuinua na kuosha. Pangeni zamu, na kwa kila zamu awepo mtu wa akiba, ili mmoja akiugua mzee asilale na njaa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijijini kwetu ni wazee wangapi wanaolala peke yao?
2. Mwanachama akileta ajenti, nani atatumwa kuchunguza?
3. Je, tuko tayari kusema "hapana" kwa mtoto wa mwenyekiti?

Kuuliza si ujinga. Ulizeni kabla sanduku la kikundi halijafunguliwa.