Alumini ya chini ya Land Rover baada ya fundi kumaliza

Alumini haioti kutu, ndivyo watu wanavyosema, na mtu akishasema hivyo huacha sehemu iliyochubuliwa ikae wazi mpaka mvua za Machi. Land Rover ya zamani, 109 au 110, ina bodi ya alumini juu ya chesi ya chuma. Kiwanda kilianza hivyo mwaka 1948, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini ikiwa peke yake hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Taabu huanza inapogusana na chuma huku tope bichi limejaa katikati: hapo alumini ndiyo inayoliwa. Wekundu huuoni. Unaona unga mweupe, na rangi inatoa malengelenge.

Kwa njia zetu za milimani huku Kiruruma, ambako tope jekundu hung'ang'ania kila pembe ya chini ya gari, usikubali gari litoke gereji limepigwa oili chafu tu. Oili hiyo inakusanya vumbi, inaharibu raba za bushi na kuchuruzika ardhini. Lami naona ni mbaya zaidi, maana inadanganya: kwa nje inang'aa, lakini ikishakauka inapasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayana pa kutokea.

Anza kwa kuosha, gari likiwa limekaa kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Tumia sabuni ya kawaida. Aliyepika maharage kwa magadi anajua sufuria ya alumini inavyogeuka nyeusi. Dawa kali za kuoshea injini zenye kostiki zinafanya vivyo hivyo. Gari likikauka, futa grisi kwa thina na kitambaa safi kabla ya kushika msasa, la sivyo unaisugulia grisi ndani ya bati. Msasa namba 180 au 240 unatosha. Brashi ya waya iliyotoka kusugua chesi isiguse alumini, kwa sababu huacha chembe za chuma ambazo baadaye ndizo zinazoanza kulila bati. Vaa barakoa, na vumbi la alumini lizoe mapema: linawaka, kwa hiyo cheche za grenda na za kuchomelea zikae mbali nalo.

Utando ule unaoilinda alumini hurudi ndani ya muda mfupi sana, na rangi haiupendi. Chubua kiasi utakachoweza kupaka siku hiyo hiyo. Huku kwetu milimani asubuhi bati huwa na umande hata usipouona, basi subiri jua lilipashe. Wengi hupaka praima ya asidi, mkono mmoja mwembamba, kisha epoksi juu yake. Soma kopo kwanza, kwani kuna epoksi zisizokubali kukaa juu ya asidi, na bodi fila haipakwi juu ya asidi kamwe. Kama fedha inatosha kopo moja tu, mimi ningenunua epoksi ya kuchanganya na kuipaka moja kwa moja kwenye bati lililotoka kusuguliwa.

Sasa pale bodi inapokutana na chuma, ambapo ndipo penye kazi yenyewe. Paka praima pande zote mbili kabla ya kufunga, kisha weka kitenganishi. Plastiki ya dumu la mafuta ya kula, ikikatwa vizuri, inafaa, mradi isiwe karibu na ekzosi. Kadibodi hapana, inafyonza maji. Ribiti ziwe za alumini, bolti ziwe zilizopakwa zinki na zipakwe grisi. Shaba isisogee karibu kabisa. Ukiziba viungo, kataa silikoni inayonuka kama siki, maana asidi yake inakula bati. Dai gundi ya poliyurethani ya kuzibia bodi.

Rangi nzito ya chini huja mwisho, epoksi ikishakauka sawasawa. Funika kwanza ekzosi, breki, propela na matundu ya kutolea maji. Matundu hayo yakizibwa, maji hubaki ndani ya bodi na kazi yote imepotea.

Halafu angalia unachobeba. Chumvi, mbolea ya dukani, saruji iliyolowa, na mkojo wa mbuzi wanaopelekwa mnadani hupenya kwenye viungo vya sakafu ya nyuma na kushukia pale pale bodi inapoegemea chesi. Siku hiyo hiyo mwagia maji kwa juu na kwa chini. Mvua zikikatika, ingia chini na tochi, gonga taratibu kuzunguka kila bolti. Lengelenge likitokea, lipasue, sugua mpaka kwenye bati linalong'aa na upake upya mahali hapo tu.