Maana na Matumizi ya "Chumba cha Habari": Mfano wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kimofolojia, "chumba" na "nyumba" vina mzizi mmoja, -umba. Tofauti ni ya viambishi ngeli. Kisemantiki, hata hivyo, "chumba cha habari" kimepanuka: tusemapo "chumba cha habari kimeikataa taarifa", wanaokataa ni wahariri, si kuta. Hapo ndipo penye utata. Chukulia mwandishi wa kujitegemea aliyeko Mbamba Bay, wilayani Nyasa (iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012), apelekaye taarifa Dar es Salaam. Je, yumo chumbani? Kwa maana ya mahali, hayumo. Kwa maana ya watu, mimi ningemhesabu. Ila kwa kawaida mwandishi wa namna hiyo hulipwa kwa habari iliyotoka tu, na safari ya kuifuata habari iliyokataliwa hubaki gharama yake mwenyewe.