SOMO LA IJUMAA: JINA LIMEFICHWA, NENO LIMEANDIKWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Siku hizi mtu anafungua akaunti ya Facebook kwa jina la uongo, kisha anamtukana imamu, anamzulia mke wa jirani, anachochea kabila moja juu ya lingine. Kesho yake anakutana na wale wale njiani, anawapa salamu. Anadhani amesalimika.

1. Yuko anayejua. Suratu Qaf (50), aya ya 18, inatufundisha kwamba kila neno la mtu lina mlinzi aliye tayari kuliandika. Na kidole kwenye simu ni ulimi pia.

2. Kumbuka uvumi wa Madina. Bibi Aisha (r.a.) alizuliwa uchafu baada ya safari ya Banu Mustaliq. Abdullah bin Ubayy aliuvumisha, wengine wakaupokea ulimi kwa ulimi, naye mgonjwa nyumbani karibu mwezi mzima bila kujua. Mwenyezi Mungu alimtakasa katika Suratu Nur (24), aya 11 hadi 20. Angalia vizuri: hakulaumiwa mwanzilishi peke yake, bali na waliopitisha. Ukituma mbele habari isiyo na mwenyewe, umekuwa mwenyewe.

3. Kuficha jina peke yake si dhambi. Anayetoa sadaka kwa siri amesifiwa (2:271). Aliyedhulumiwa, akiogopa kisasi, anaweza kufikisha malalamiko ya kweli bila kujitaja. Uliza tu: jina linaficha wema, au linaficha dhuluma?

4. Deni linabaki. Haki ya mja haimaliziki kwa istighfari tu. Inatakiwa uliyemdhulumu akusamehe. Atakusameheje, naye hakujui? Mtume (s.a.w.) alieleza habari ya muflisi wa Kiyama: anakuja na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamzulia yule. Mema yake yanagawiwa wao mpaka yanakwisha.

Basi, ndugu, kabla ya kutuma jiulize: ningesema haya msikitini, kwa jina langu, mwenyewe amekaa mbele yangu? Kama hapana, nyamaza. Na kama umekwisha kuandika, futa leo, sahihisha pale pale ulipozua, kisha mwendee mwenyewe mngali hai wote wawili.

Ewe Mola, hifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Amin.