Namna ya Kulinda Bustani ya Mboga

Ninyi munaokaa katika vijiji karibu na migodi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi munajua neno hili: feza ya mugodi inakuja mwisho wa mwezi, lakini tumbo la mutoto linadai kila siku. Bustani iliyo karibu na nyumba ndiyo inayojibu. Lengalenga, matembele, kabichi, nyanya na vitunguu ni mboga ya jioni, na zinazobaki zinauzwa sokoni. Basi, mutu anayeacha bustani yake iliwe na wadudu na nyama, anawanyima watoto wake.

Watu wengi wakiona tundu moja katika jani wanakimbilia sumu. Njia hii si nzuri. Somo letu ni hili: macho na mikono kwanza, sumu ni ya mwisho, na mara nyingi haitakiwi hata kidogo.

1. Kuku na mbuzi

Kuku mumoja anaweza kuchimbua tuta zima la miche kwa asubuhi moja. Zungusha bustani kwa ukuta wa matete ao mianzi, urefu wake meta 1 na nusu, na matete yakazwe pamoja, kifaranga asipite. Lakini kuku ana faida yake. Ukiisha kulima, mbele ya kupanda, uwaache kuku ndani siku 2 ao 3. Watakula viwavi na mayai ya wadudu yaliyofukuliwa na jembe. Kiisha uwatoe, ufunge mulango.

Mbuzi afungwe kamba ao achungwe. Mbuzi wa jirani akiingia, usimupige panga. Mbuzi hajui mupaka. Umurudishe kwa mwenyewe, mupatane juu ya ukuta. Siku moja ya kukata matete ni nyepesi kuliko siku 3 za kesi mbele ya mukubwa wa kijiji.

2. Panya

Panya anapenda kupita mahali asipoonekana. Kata majani ya pori pande zote za bustani, upana wa hatua 3, wala usirundike kuni karibu na matuta. Tega mitego katika njia zake. Usitupe sumu ya panya ovyo: kuku wataiokota, mbwa atakula panya aliyekufa kwa sumu, na mutoto anaweza kuitia kinywani.

3. Wadudu

Kila asubuhi, mbele ya jua kuwa kali, pita katika matuta yote. Pindua majani, kwa sababu wadudu wengi wanaficha mayai yao chini ya jani.

Mukata-miche. Ukikuta muche umelala chini, umekatwa sawa kwa kisu, usimushitaki kuku. Chimba kwa kidole kando ya shina. Utaona kiwavi kinene kimejikunja. Kinakula usiku, muchana kinalala ndani ya udongo. Ukiue. Kiisha weka majivu makavu kuzunguka miche, na mvua ikinyesha uyaweke tena.

Viwavi vya kabichi. Ni vidogo, vya kijani. Ukivigusa vinajitupa na kuning'inia kwa uzi. Katika joto, yai linaweza kuwa kipepeo kwa muda wa juma 3 tu. Kwa hiyo mutu asiyepita bustani kwa juma nzima atakuta jamaa kubwa. Viponde kwa vidole pamoja na mayai. Ukiisha kuvuna, ng'oa mashina yote, usiwaachie nyumba.

Vidudu vinavyonyonya. Vinakaa kwa makundi chini ya jani na katika ncha changa, na jani linajikunja. Sisimizi wakipanda mboga kwa wingi, tazama vizuri: wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidudu hivi. Yeyusha kipande cha sabuni, kadiri ya kidole gumba, katika lita 5 za maji. Nyunyiza jioni chini ya majani. Ujaribu kwanza majani machache. Yasipoungua kesho yake, uendelee. Kidudu chekundu cha mviringo chenye madoa meusi usikiue: ni mufanyakazi wako, kinakula vidudu hivi bila mushahara.

Mududu wa nyanya. Anachora njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda. Alitoka Amerika ya Kusini, mwaka 2006 alionekana Hispania, na sasa ameenea katika inchi nyingi za Afrika. Chuma majani na matunda yaliyoshikwa, uyachome ao uyazike chini sana. Usiyatupe pembeni.

Mapanzi. Asubuhi ya baridi hayana nguvu ya kuruka. Yaokote wakati ule.

4. Sumu

Katika masoko ya miji mara nyingine wanauza sumu iliyomiminwa katika chupa ndogo, bila karatasi yenye maandiko. Usinunue. Karatasi ndiyo inayosema sumu ni ya mumea gani, inachanganywa na maji kiasi gani, na unangoja siku ngapi mbele ya kuvuna. Lengalenga inachumwa juma chache nyuma ya kupandwa, na tunakula jani lenyewe. Sumu nyingine inaingia ndani ya jani. Maji ya kuosha haiitoi, moto wa chungu hauimalizi. Unaua kiwavi leo, kesho unamupikia mutoto sumu. Tena chupa ya sumu isitiwe maji, mafuta wala pombe, hata ikioshwa mara 10.

Maulizo

1. Kwa nini tunapindua majani kila asubuhi?
2. Muche umekatwa usiku. Utatafuta mwizi wapi?
3. Wakati gani kuku anasaidia bustani, na wakati gani anaiharibu?
4. Jirani anakuuzia sumu katika chupa isiyo na maandiko. Utamujibu nini?

Kazi: kesho asubuhi pita katika bustani yako pamoja na watoto. Uwaonyeshe mududu mubaya na mududu musaidizi, wawajue kwa macho yao. Macho 10 yanalinda kuliko 2.