SOMO LA AFYA: PRESHA HUONGOZWAJE MWILINI?



Mara nyingi twasikia, "Fulani ana presha." Ukweli ni kwamba kila aliye hai anayo. Presha ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa. Bila hiyo, damu haifiki kichwani. Ugonjwa ni pale inapopanda na kukataa kushuka.

Ili tuelewe, tumtazame hamali katika Soko la Burma, Nairobi, kando ya Jogoo Road, ambako nyama huuzwa kwa wingi.

1. Moyo. Huu ni pampu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akitulia, moyo hupiga karibu mara 70 kwa dakika na kuizungusha damu yote hiyo. Hamali akibeba paja la ng'ombe, moyo unaenda mbio na presha inapanda. Akiketi, inashuka. Hapo hakuna ubaya.

2. Mishipa. Mishipa midogo hubana na kulegea. Ukifinya mpira wa maji, maji hukaza nyuma ya pale ulipofinya. Ndivyo ilivyo na damu.

3. Walinzi. Ndani ya mishipa mikubwa ya shingo na ile iliyo karibu na moyo kuna sehemu zinazohisi presha. Hamali akiinuka ghafla, damu huteremka miguuni. Walinzi hawa huarifu ubongo, nao huamuru moyo uongeze mwendo na mishipa ibane. Yote kwa sekunde chache! Wakichelewa, anasikia kizunguzungu.

4. Figo. Hizi hufanya kazi polepole, kwa saa na siku. Chumvi hushika maji mwilini. Maji yakizidi, damu huongezeka na presha hupanda. Figo hutoa ziada kwa mkojo, lakini chumvi ikizidi kila siku, kwa watu wengi presha hubaki juu.

Mjini na kijijini

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi. Baada ya miezi michache tu, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi zaidi, na potasiamu kidogo, yaani madini yaliyomo katika mboga, ndizi na viazi. Mapigo ya moyo pia yalikuwa ya haraka zaidi. Basi tusiseme presha ni ya ukoo tu. Watu ni wale wale. Maisha ndiyo yaliyobadilika. Na siku hizi maisha hayo yamefika hata kijijini.

Tufanye nini?

- Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyopikwa ndani ya chakula. Ile ya kuchovyea nyama choma, tuipunguze.
- Tupimwe hata kama hatuumwi. Presha kwa kawaida haina maumivu. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, twende hospitali.
- Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu anajisikia nafuu. Nafuu hiyo huenda imeletwa na dawa. Wengi wameacha, wakapatwa na kiharusi.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani katika kikundi chetu hajawahi kupimwa?
2. Chumvi inatuingia kwa vyakula gani?
3. Tutamsaidiaje mwenzetu aliyekosa nauli ya kwenda kuchukua dawa?